Ugomvi wa Jirani wa Chini

Jirani wa Chini hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwetu. Alipita kwenye pengo la masale, ile mimea ya mpaka iliyotenganisha shamba letu na lake, na kabla hujamwona ungemsikia anasema jambo ambalo si kweli. Siku ya Jumanne angesema leo Jumatano. Au angesema mvua za mwaka jana zilianza siku ya mazishi ya mzee fulani, wakati kijiji kizima kinakumbuka kwamba mzee yule alizikwa juani na wachimba kaburi wakalalamikia kiu. Mama angeinua kichwa kutoka kwenye ungo wa maharage, amtazame, kisha amwambie, "Keti basi, mwongo wewe, nikueleze." Na Jirani wa Chini angeketi.

Mwanamke huyu tulimwita hivyo kwa sababu nyumba yake ilikuwa chini ya yetu kwenye mteremko, na huku kwetu milimani, upande wa Suji, mtu hujulikana kwanza kwa mahali maji yanapomfikia. Maji yetu yanatoka kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu juu ya mashamba. Usiku ndiva inajaa, alfajiri inafunguliwa, na maji yanashuka kwa mfereji hadi kwa mwenye zamu. Nyumba kwenye mfereji wetu zilikuwa kumi na moja. Kila siku nyumba moja, isipokuwa Jumamosi, ambayo ni Sabato na maji nayo yanapumzika. Sasa piga hesabu mwenyewe: nyumba kumi na moja, siku sita. Zamu yako ikiwa Jumanne, ikirudi inaangukia Jumatatu, ikirudi tena inaangukia Jumapili, na baada ya hapo inaruka Sabato na kutua Ijumaa. Kukiwa na msiba mfereji unafungwa, na hesabu yote inasogea. Hakuna aliyekuwa ameiandika popote. Ilikaa vichwani mwa watu, hasa kichwani mwa Mama.

Ndiyo maana ugomvi mkubwa wa Jirani wa Chini ulikuwa juu ya zamu. Alikuwa anakuja na jembe begani, anasimama uani kwetu, anatangaza kwamba maji ya kesho ni yake. Mama hangejibu moja kwa moja. Angeanza mbali, kwenye nyumba ya kwanza pale ndiva, ashuke na mfereji nyumba baada ya nyumba, kila moja na siku yake, ataje na msiba wa juzi uliosimamisha maji, mpaka afike kwa Jirani wa Chini na kumwonyesha kwamba zamu yake bado siku tatu. Jirani wa Chini angevuta ugoro, apige chafya, na kusema Mama ameiruka nyumba moja. Hapo Mama angeanza tena.

Wanatusema sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mimi sikatai. Wale wawili wangeuza ng'ombe, wakashinda kesi, wakamchinja kuku pamoja, halafu wakagombana juu ya nani apewe firigisi.

Siku ya mkutano wa kusherehekea Uhuru, nikiwa bado msichana wa shule, afisa mmoja alipanda jukwaani akatueleza kwamba sasa wote ni sawa. Jirani wa Chini alisimama akauliza kwa heshima kabisa: kama wote ni sawa, je, mfereji sasa utaanza kwa watu wa chini? Afisa alikohoa. Mama akasimama upande wa pili wa uwanja akasema, "Maji hayajapata habari za Uhuru. Bado yanateremka." Watu walicheka hadi afisa akasahau sehemu ya pili ya hotuba yake. Miaka ya baadaye, lilipokuja shamba la Ujamaa, walipangwa mstari mmoja wa kulima. Walibishana tangu jembe la kwanza hadi la mwisho, na kwa kuwa kila mmoja hakukubali kuachwa nyuma na mwenzake katikati ya hoja, mstari wao ndio ulimalizika mapema kuliko yote. Bwana shamba aliwasifu hadharani kwa moyo wa ushirikiano.

Jirani wa Chini alileta chakula chake kwa matusi. Aliweka bakuli la makande mbele ya Mama na kusema kuku wamekikataa. Mama alionja, akasema chumvi imepungua na maharage yana miaka, kisha akala mpaka chini ya bakuli. Bakuli lilirudi siku ya pili na ndizi ndani, nazo zikatukanwa vilevile. Sikuwahi kuona mmoja wao akimshukuru mwenzake.

Jambo moja lilinitatiza. Kwa watu wengine Jirani wa Chini alikuwa mpole. Aliongea taratibu, akainamisha kichwa. Mke akikorofishana na mumewe, aliyeitwa kuwapatanisha alikuwa yeye, na alikaa nao siku nzima bila kupandisha sauti. Nilipoyasikia hayo niliyaita unafiki. Nilikuwa na haraka ya kumhukumu, maana nilikuwa mbali.

Nilikuwa muuguzi kwenye zahanati ya shamba la mkonge, kule chini njia ya kuelekea Tanga. Nilifunga vidonda vya wakata mkonge waliotoka kila pembe ya nchi, na jioni nilikaa chumbani kwangu nikimuwaza Mama. Baba alikuwa amefariki, ndugu sikuwa naye, na milima niliyozaliwa haikuonekana hata siku ya anga safi. Nikipata mtu wa kwenda Same nilimpa sukari, blanketi, dawa ya kuchua magoti. Likizo ilikuwa mara moja kwa mwaka, ikipatikana. Mtu anayemtunza mzazi akiwa mbali huwa na kazi mbili, ya kutuma na ya kuogopa, na mimi hiyo ya pili niliifanya kwa bidii zaidi.

Kilichoniogopesha kilikuwa barua za Mama. Hakujua kusoma wala kuandika, na kisomo cha watu wazima kilipofika kijijini alisema macho yake yamekwisha kuona ya kutosha. Kwa hiyo mtu alimwandikia. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa kisomo hichohicho, kila herufi imesimama peke yake. Nikadhani ni mwalimu wa kisomo au mmoja wa wanafunzi wake wazuri. "Mwanangu Nakundwa," barua zilisema, "mimi ni mzima ila huyu mwanamke wa chini ananimaliza. Jana kasema zamu yetu ni Ijumaa. Ana kichwa kigumu na makande yake ni mabichi. Juzi alinibishia siku uliyozaliwa wewe, kana kwamba alikuzaa yeye."

Nilizisoma barua hizo kama muuguzi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mzee apumzishwe, asikasirishwe, damu isipande. Nikamwandikia Mama kwamba yule jirani ni mchokozi, ajitenge naye. Barua iliyofuata ilikuwa na malalamiko mapya, na ndefu zaidi. Basi nikafanya kile ambacho Mpare aliyesoma kidogo hufanya: nikapeleka kesi mbele. Nilimwandikia mjumbe wa nyumba kumi barua ya kurasa tatu, nikamwomba kwa afya ya mama yangu aondoe ugomvi huu kabisa.

Mjumbe alikuwa mtu wa kupenda utaratibu, na hakuwa amewahi kupata barua ya kurasa tatu. Aliita kikao. Aliwahoji watu wa nyumba zote kumi na moja, akaandika zamu za maji za mwaka mzima kwenye karatasi kubwa, akaipigilia misumari juu ya mlango wake. Misiba nayo akaiwekea kanuni. Kisha akamwonya Jirani wa Chini, mbele ya watu, kwamba asiende tena kumsumbua mama wa watu. Jirani wa Chini aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Mjumbe aliniandikia kwamba amani imepatikana, nami nikalala vizuri miezi minne.

Barua za Mama zikawa fupi. "Mimi ni mzima. Mvua ipo." Mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine, mwembamba wa kulala upande. Nilifurahi. Nilidhani hivyo ndivyo utulivu unavyoandikwa.

Likizo ilipofika nilishuka treni Same, nikapanda lori la mizigo mpaka lilipochoka, nikamalizia mlima kwa miguu. Mama alikuwa ameketi mlangoni, safi, kanga imefungwa vizuri, mikono magotini. Hakuwa na ungo. Alinipokea kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nilicheka kidogo, naye akacheka, kisha akaniita tena kwa jina lilelile. Chai aliyonipa ilikuwa na chumvi. Nilimwuliza maji ya kesho ni ya nani, kwa sababu nilitaka tu kumsikia akianza kule kwenye ndiva na kushuka.

"Muulize mjumbe," alisema. "Ipo kwenye karatasi."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilijua ninachokiona, nimekiona kwa wazee wa kambi ya mkonge: mtu yupo, ila anaondoka kidogo kidogo. Niliamua siku hiyohiyo kumchukua. Ningemweka chumbani kwangu kule kwenye mkonge, penye sakafu ya saruji, ambako hakuna shamba, hakuna mfereji, na kati ya majirani hakuna anayezungumza Chasu, lugha yetu Wapare. Nilijua hatadumu. Lakini niliogopa kumwacha peke yake na moto wa jikoni, na nikaanza kupanga nguo zake sandukuni.

Kuondoka bila kuaga jirani ni aibu, hata jirani mchokozi. Nikapita kwenye pengo la masale, ambalo sasa lilikuwa limeota majani kwa kukosa mpitaji. Jirani wa Chini alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea na mahindi yake.

Baadaye akasema, "Nimekaa kimya miezi minne kama ulivyoagiza. Hata mbuzi wangu wanadhani nimekufa."

Nilianza kueleza mambo ya damu kupanda. Akaniacha nimalize, kisha akaniambia anayajua yote, kwa sababu barua zangu alimsomea Mama yeye. Ile niliyomwita mchokozi aliisoma neno kwa neno, na pale nilipokosea herufi alinisahihisha. Nikauliza, nikiwa tayari naogopa jibu, nani basi aliyekuwa akiandika zile za Mama.

"Nani mwingine? Kisomo nilimaliza wa kwanza. Alikuwa ananitukana, nami naandika. Lile la makande mabichi lilinichoma, lakini niliandika."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Jirani wa Chini akaweka gunzi chini, akavuta ugoro, na mara hii hakupiga chafya.

"Nakundwa, mzee hapa hakuna anayemuuliza kitu," alisema. "Anapewa uji, anapewa pole. Mimi mama yako nilikuwa namuuliza kila siku. Ila ukimuuliza vizuri atakwambia sijui, nimesahau, achana nami. Ukikosea mbele yake, hawezi kuvumilia. Lazima akusahihishe. Na ili akusahihishe, lazima akumbuke."

Nikamuuliza alianza lini. Akasema tangu mwaka ule Mama aliposahau sufuria motoni mara mbili katika wiki moja.

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo tulikuwa tunagombana kweli," alisema.

Nilimwomba msamaha. Alikataa kusema amenisamehe, akasema ataona kwanza kama nitaondoka na lile sanduku. Nikamwambia mjumbe amekwisha kutoa amri na karatasi ipo mlangoni pake, nitamwandikiaje tena barua ya kuomba ugomvi urudishwe? Akasema mambo mengine si ya barua.

Kesho yake asubuhi mjumbe aliamka akakuta misumari minne mlangoni na hakuna karatasi. Alipita nyumba hadi nyumba akiuliza. Alipofika uani kwetu, Jirani wa Chini alimwambia kutoka ng'ambo ya masale, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba utaratibu wake huo umeliwa na mbuzi. Mjumbe akasema karatasi ilikuwa juu kuliko kichwa cha mtu, mbuzi gani anafika huko? "Alipandishwa na wenzake," alijibu Jirani wa Chini. "Si mnatufundisha kila siku umoja ni nguvu?" Mjumbe alinitazama mimi, mwenye barua ya kurasa tatu. Nikasema hata mimi nimewaona mbuzi wa siku hizi, wamebadilika sana.

Mjumbe hakuwa ametoka uani kwetu bado, pengo la masale likatikisika. Jirani wa Chini aliingia na jembe begani, akasimama mbele ya Mama. "Leo Jumapili," alitangaza, "na maji ni yangu." Ilikuwa Jumatatu.

Mama alitazama mikono yake, nami nilikuwa nimeshika mfuniko wa sanduku, nikiomba Mungu bila maneno. Kisha paji la uso wake likakunjamana. "Jumapili?" alisema. "Jumapili gani wewe, wakati jana..." Akasimama. Akaanza kwenye ndiva. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano akapotea. Jirani wa Chini akasema, unaona, hujui lolote, nipe maji yangu nikalime. Mama akarudi mwanzo. Mara ya tatu alifika kumi na moja, akitokwa na jasho, na alipomaliza alimnyooshea kidole akamwambia, "Keti, mwongo wewe."

Sitasema alipona. Mimi ni muuguzi, najua uzee haurudi nyuma, na kuna siku niliendelea kuwa dada yake. Lakini nilizitoa nguo sandukuni. Mjumbe aliandika karatasi nyingine, nayo ililiwa, na baada ya ya tatu aliacha. Nilirudi kwenye mkonge, na baada ya wiki tatu nikapata barua yenye herufi kubwa zilizosimama kila moja peke yake. Ilianza kwa kusema kwamba mwanamke wa chini amezidi. Niliisoma kwa sauti pale zahanati, mkata mkonge mwenye kidole kilichofungwa akaniuliza kama ni habari njema, nikamwambia ni njema sana.

Mama aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na aliondoka akiwa na neno la mwisho katika ubishi ambao sikuwahi kujua ulihusu nini. Mfereji ulipofunguliwa tena baada ya mazishi, nilimsikia Jirani wa Chini akimwambia mtu kwamba hesabu imesogea, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Nilikuja kuhamishiwa hospitali pale Same mjini, nikaanza kupanda mlimani kila nilipopata nafasi, kutazama nyumba. Ni wakati huo barua ilinifikia kutoka kwa mwana pekee wa Jirani wa Chini. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Voi, Kenya, na mpaka ulipofungwa akabaki upande ule. Barua ilizunguka kwa mikono ya watu, imechakaa. Aliandika kwamba amesikia mama yake anasahau, na kwa kuwa mimi ni muuguzi na ni mtoto wa jirani, ananiomba nimwangalie. Nihakikishe tu anapumzika, asisumbuliwe na mtu. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaona aibu yangu ya zamani ikinitazama kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Nilipanda siku hiyohiyo. Jirani wa Chini alikuwa ameketi mlangoni, safi, mikono magotini. Jirani mmoja mwema alikuwa amemwekea uji. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Akasema haya, kama mtu anayetajiwa kijiji asichokijua. Nikamuuliza habari za mwanawe, akasema hajui. Nikamuuliza kama anakumbuka mbuzi waliokula karatasi, akasema amesahau, niachane naye, amechoka.

Nikajuta kumuuliza vizuri. Nikatoka nje, nikazunguka mpaka kwetu, nikachukua jembe la Mama lililokuwa limeegemea ukuta tangu mazishi. Nikapita kwenye pengo la masale bila kupiga hodi.

"Leo Alhamisi," nilisema, "na maji ni yetu."

Ilikuwa Jumatano. Aliitazama mikono yake, kisha jembe, kisha mlima kule ndiva iliko. Nilikuwa nataka kulitua jembe na kumwomba radhi aliposema, polepole, "Alhamisi gani wewe?" Akaanza nyumba ya kwanza. Alikwama, akarudi, akakwama tena, nikamwambia unaona, hujui lolote. Akashuka na mfereji mpaka kwetu. Hapo alisema, "Kwa Mama Nakundwa." Akanitazama uso mzima.

"Huo uongo ni wangu," alisema. "Nani kakupa?"

Nikamwambia nimeuazima.

"Basi urudishe kesho," alisema, akausogeza uji pembeni ili nipate pa kukaa. "Asubuhi, kabla ya maji. Na uje na chumvi, mama yako alikuwa hajui kupika."